Nimeambiwa nimeshinda tuzo ya ukarabati bora wa nyumba ila natakiwa kulipia, wakuu hizi tuzo zikoje?

Mjenzi wa Temeke

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Mimi ni fundi hapa Dar, kazi zangu kubwa ni ukarabati, sio kujenga nyumba mpya. Nyumba za zamani za Magomeni, Kariakoo, fleti za Upanga, nyingine ni nyumba za urithi, watoto wamekubaliana wasiuze, wanataka itengenezwe mama akae vizuri au mbele papangishwe. Nabomoa jiko nalipanga upya, vyoo, kuta zinazopanda chumvi, nyufa, kubadilisha kenchi na bati, saa nyingine kuunganisha vyumba viwili iwe sebule moja. Nina vijana wangu wa kudumu, mwashi, wa mabomba, wa umeme na wa tailizi, na kazi karibu zote zinakuja kwa mtu kumwambia mtu.

Sasa nimepokea imeili inanipongeza kwamba nimechaguliwa Kampuni Bora ya Ukarabati wa Nyumba ya mwaka kwa Afrika Mashariki yote. Nimeisoma ile barua nikairudia, hakuna kazi yangu hata moja wameitaja, hakuna mtu aliyewahi kunipigia kuniuliza nimekarabati nyumba ya nani wapi. Chini yake kuna vifurushi. Cha chini unapata cheti na nembo ya kuweka kwenye matangazo, cha juu unapata ngao ya kioo, meza kwenye hafla hotelini na ukurasa mzima kwenye jarida lao. Hela ya kile cha juu nanunua mashine nzuri ya kukatia tailizi na chenji inabaki.

Ningeweza kuipuuza tu, ila juzi kati nimekosa kazi Mbezi Beach, kazi nzuri kabisa, mteja alizunguka akaona nyumba nilizofanya akazipenda, mwisho akaniambia wazi kwamba wenzangu wana tuzo kwenye profaili yao na yeye yupo nje ya nchi anahitaji kitu cha kumpa uhakika. Nikamuelewa. Mtu anatuma hela toka mbali, fundi hamjui, ashike nini?

Kwa hiyo naomba mnisaidie. Kuna tuzo za kweli za ukarabati wa nyumba, na wanazitoaje? Na mtu kama mimi niliyejifunzia kazi saiti, kuna njia gani ya kutambulika ambayo mteja akiiona anajua hii sio ya kununua?

Kadirio

Mkuu usilipe, na nakushauri hata usiwajibu. Mi ni mkadiriaji majenzi nipo Dodoma, barua za namna hiyo zinakuja ofisini kwetu kila mara, jina la tuzo linabadilika ila vifurushi ni vilevile.

Ila kuna kitu nikuweke sawa, kulipia peke yake sio dalili ya utapeli. Tuzo nyingi za kweli unatoa ada ya kuingiza kazi yako, kuna ukumbi pale, kuna watu wa kupitia makabrasha, hiyo inaeleweka. Cha kujiuliza ni kimoja, je naweza kulipa halafu nikashindwa? Kama unaweza kushindwa basi kuna mtu analinganisha kazi na kazi. Kama umeshinda kabla hujashindana na ushindi wenyewe unasubiri muamala wako, hapo umeuziwa tangazo.

Cha pili wanahukumu nini na wanahukumu kwa kuona nini, na hapa ndo ukarabati unapotofautiana na ujenzi mpya. Ukarabati mzuri mwingi hauonekani. Chukua huo ukuta wa chumvi uliousema, mmoja anakwangua rangi, anapiga skimu, anapaka rangi ya gharama, picha inang'aa, masika ikiisha plasta imeshaanza kubabuka kwa sababu maji yanapanda toka kwenye msingi na hakuna aliyeyagusa. Mwingine anachimba pembeni, anageuza maji ya bati yasiangukie ukutani, anakata ukuta kipande kipande kurudisha tabaka la kuzuia unyevu, analipiga plasta upya baada ya ukuta kukauka. Siku ya kukabidhi picha zao zinafanana kabisa, na pengine wa kwanza ametoa picha nzuri zaidi maana hela yote kaimalizia kwenye rangi. Kwa hiyo tuzo inayohukumu kwa picha mbili za mwisho mimi siipi uzito, hata kama waandaaji ni watu wema.

Halafu kabla ya tuzo kuna usajili. Mteja wako wa Mbezi angeanza kuuliza kama hao wenzako wako CRB, Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na wako daraja gani, maana madaraja yapo 7 na la chini ndo la 7. Hilo halimwambii kama kazi ni nzuri, linamwambia kuna mahali pa kupeleka malalamiko kazi ikiharibika, na kwa mtu aliye mbali hicho ndo kitu cha kwanza. We umesajili? Kama bado, ile hela ya ngao anzia hapo.

Mkaa Saint Paul

Kadirio kasema vizuri sana hapo kwenye kulipa na kushindwa. Mi nipo Minnesota, nafanya kazi kwenye kampuni ya wazungu ya kukarabati nyumba, zaidi majiko, mabafu na vyumba vya chini ya nyumba ambavyo huku kila mtu anataka viwe sehemu ya kuishi. Niwaelezee huku inavyokwenda kwa sababu kuna vitu vinaweza kusaidia.

Marekani kuna chama cha watu wa ukarabati kinaitwa NARI, wana tuzo yao ya mwaka inaitwa CotY, mkandarasi wa mwaka. Kampuni mwanachama inaingiza mradi mmoja mmoja, sio kampuni nzima kwa jumla jumla. Unapeleka picha za kabla na za baada zilizopigwa toka pembe ileile, ramani ya zamani na mpya, na maelezo mteja alikuwa anasumbuliwa na nini na we umekitatua vipi. Jina la kampuni halitakiwi lionekane mahali popote kwenye yale makabrasha, jaji anahukumu kazi hajui ya nani. Na kitu ninachokipenda zaidi, makundi yanapangwa kwa aina ya chumba na kwa gharama, kwa hiyo jiko la mtu wa kawaida linashindana na majiko ya bei yake, haliwekwi pamoja na jiko la tajiri wa mtaa wa ziwani. Kuna washindi wa ngazi za chini halafu inapanda mpaka taifa. Kampuni zinaingiza miradi na kutoka mikono mitupu, kawaida tu.

Ukiacha hiyo kuna Houzz, huo ni mtandao, wao wana nembo ya kila mwaka inaitwa Best of Houzz, moja inatolewa kwa kuangalia picha zako zimependwa kiasi gani na nyingine inaangalia wateja wamekuandikia nini baada ya kazi. Hiyo ya pili ndo yenye maana kwangu, maana bosi wetu mteja akiandika vibaya anampigia simu siku hiyohiyo.

Faida niliyoiona hasa ya hizi tuzo sio ile ngao iliyopo mapokezi. Ni kwamba tangu kampuni ianze kuingiza miradi tumelazimika kupiga picha kila hatua, kabla hatujagusa kitu, ukuta ukiwa wazi, mabomba yakiwa wazi, nyaya zikiwa wazi, kwa sababu bila hizo huna cha kuelezea. Imetubadilisha mpaka namna ya kufanya kazi, mtu anajua hii itapigwa picha hafungi waya kihuni.

Kinachoniuma ni kimoja tu, kwenye ngao linaandikwa jina la kampuni. Yule jamaa wa Mexico aliyepanga tailizi za bafu lile mpaka mistari inakutana kwenye kona kama imechorwa, jina lake halipo popote.

Dada wa Vuga

Assalaam aleikum. Mkaa Saint Paul hapo mwisho umenigusa pahala pake, kwa sababu kuna tuzo inayofanya kinyume na hivyo na watu wengi hawaijui undani wake.

Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo, ilianzishwa 1977, hutolewa kila baada ya miaka mitatu, fungu lake ni dola milioni 1. Hii haiangaliwi kwa picha tu. Miradi ikishachujwa hutumwa wataalamu wakaenda kwenye jengo lenyewe, wakalipima, wakazungumza na wanaolitumia, ndio warudi kwa majaji. Na ikishinda kazi, fungu hugawiwa wote waliohusika, msanifu, mwenye jengo, baraza la mji, na mafundi pia. Mwaka 1986 mmoja wa washindi alikuwa mwashi wa kijijini Niger anaitwa Falké Barmou. Alijenga msikiti wa ijumaa wa kijiji chao, Yaama, kwa udongo, wanakijiji wenyewe ndio waliofyatua matofali. Ulianza 1962 na paa la bapa, halafu baadae akaurudia, akautia kuba katikati na minara kwenye pembe, mpaka 1982. Yaani sehemu kubwa ya sifa ya jengo lile ni ukarabati alioufanya mtu juu ya kazi yake mwenyewe, na wakamtuza yeye, fundi, kwa jina lake.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mimi natoka Mji Mkongwe. Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari ni boriti za mikoko, na ndio maana vyumba vyetu vyembamba virefu, upana wa chumba ni urefu wa boriti. Nyumba hizi hazitaki simenti. Ukuta wa chokaa hupumua, maji yaloingia hutoka, ukiupiga plasta ya simenti maji hubaki ndani, yanakula ukuta na vichwa vya boriti, na mwenye nyumba anaona ukuta wake mpya mgumu anadhani kafanyiwa kazi ya maana. Wapo mafundi bado wanaojua kuchoma na kulowesha chokaa, wanajua kuitia kwa tabaka na kusubiri, wanajua boriti ipi bado nzima kwa kuigonga tu. Ni watu wazima sasa hivi. Mji uliandikwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, mamlaka ya kuuhifadhi ipo tangu 1985, na jengo kubwa kama Beit el Ajaib sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 likiwa kwenye matengenezo, sote tuliliona. Baada ya pale mimi nilitegemea jambo la kwanza liwe kuwatafuta wazee hawa mmoja mmoja, waandikwe majina, wapewe heshima yao na vijana wa kuwafundisha. Tuzo ya kwao, si ya hoteli iliyokarabatiwa.

Kwa hio kaka yangu wa Temeke, ikija kutokea tuzo ikataka majina ya mafundi wako wote, hio iendee mbio.

Mswahili wa Makadara

Dada wa Vuga maneno yako ni kweli tupu, niko Mombasa na Mji wa Kale hapa maradhi ni hayo hayo ya simenti.

Mimi upande wa mamangu ni watu wa Hadhramaut kwa hivyo hii nyengine lazima niitaje. Shibam, ule mji wa magorofa ya udongo, uliingia Urithi wa Dunia 1982, na mwaka wa 2007 kazi ya kuukarabati ilipata hiyo hiyo tuzo ya Aga Khan. Zile ni nyumba za watu, watu walala mle, si makumbusho. Ilivyofanywa ni kwamba serikali ya Yemen pamoja na Wajerumani walikuwa wakimsaidia mwenye nyumba sehemu ya gharama na yeye atoe sehemu yake, na kazi ifanywe na mafundi wa udongo wa pale pale kwa njia zao, vijana wakifundishwa nao. Kwa hivyo tuzo ilienda kwa mji mzima wa watu wanaotengeneza nyumba zao kila mwaka, maana nyumba ya udongo bila kuipaka huwezi kuiacha. Sasa ile nchi imepata vita na tangu 2015 Shibam iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini, lakini iliyosimama imesimama kwa sababu mafundi wako.

Turudi kwa swali la ndugu. Hapa Kenya kuna vitu viwili ambavyo fundi aliyejifundisha kazini aweza kupata bila kurudi shule. Kuna mtihani wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, watoka gredi ya 3 hadi ya 1, waenda unafanya kazi kwa mikono yako mbele ya mtu, hupewi kwa sababu umelipa, waweza kuanguka na wengi huanguka. Na kuna NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi, ambayo husajili makontrakta kutoka NCA 8 mpaka NCA 1, na pia huwatambua mafundi wenyewe mmoja mmoja na wasimamizi wa saiti. Nafikiri kwenu Tanzania pia kuna kitu kama hicho cha NITA, wenye kujua waseme.

Kadirio

@Mswahili wa Makadara ipo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, watu wanaita urasimishaji ujuzi. Fundi anapimwa kwa vitendo kwenye fani yake, uashi, bomba, umeme, tailizi, anaonyeshwa mapungufu yake, anapewa mafunzo mafupi kuyaziba, akifaulu anapata cheti chake. Mjenzi, wapeleke vijana wako wote, kila mtu atoke na jina lake. Kwa mteja aliye nje hiyo ni karatasi ya kweli, anaweza kuiulizia kwa waliotoa.

Mjenzi wa Temeke

Asanteni sana wote, nimejifunza mengi. Habari ya huyo mwashi wa Niger nimewasomea vijana saiti leo wakati wa chai, wamekaa kimya wote, mwashi wangu akaniuliza jina lake mara mbili.

Bado kuna kitu kinanisumbua. Mifano yenu ni miji ya urithi, misikiti, majumba ya karne zilizopita. Mimi nakarabati nyumba ya tofali za kawaida Magomeni, fleti ya Upanga bomba zimeoza, nyumba ya mstaafu Tandika. Kuna mahali popote watu wameheshimu ukarabati wa nyumba za kawaida kabisa, za watu wenye kipato cha kawaida?

Mhitimu wa Ardhi

Mkuu hapo ndo umenifanya nijisajili nijibu, maana hili ndo niliandikia mradi wangu wa mwisho chuoni.

Zipo, na ni tuzo kubwa kuliko unavyofikiria. Anza na Liverpool, Uingereza, mtaa unaitwa Granby. Nyumba za safu za zamani za wafanyakazi, eneo la watu weusi na wahamiaji wengi, serikali ilikuwa inahamisha watu na kuzifunga nyumba kwa mbao zikisubiri kubomolewa. Wachache waliobaki wakakataa, wakafagia mtaa, wakapaka rangi nyumba zilizofungwa, wakapanda maua barabarani, wakaanzisha soko, halafu wakaunda taasisi yao ya kumiliki ardhi kwa pamoja. Wakaita kundi la vijana linaitwa Assemble, wakakarabati nyumba 10 kwa bei ndogo, wakatengeneza hadi vigae, na fremu za sehemu za kuotea moto wakazitengeneza kwa kifusi cha nyumba zilezile. Mwaka 2015 kazi hiyo ikapewa Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, ambayo kawaida wanapewa wachoraji na wachongaji. Nyumba za watu wa kawaida!

Kuna Amsterdam, jengo refu la fleti linaitwa Kleiburg, lililobuniwa miaka ya 1960, mita 400 urefu, lilikuwa libomolewe. Likauzwa kwa euro 1. Waliolinunua wakatengeneza muundo, lifti, korido na maeneo ya pamoja tu, fleti zenyewe wakaziuza zikiwa tupu kila mtu akamalizie ndani anavyoweza. Sisi hiyo tunaijua vizuri, mtu ananunua boma anahamia, anamalizia taratibu akipata hela. Mwaka 2017 ikapata tuzo ya usanifu ya Umoja wa Ulaya, ile ya Mies van der Rohe, na wakati wanapewa ilisemwa wazi ni ukarabati.

Halafu 2019 tuzo hiyohiyo ikaenda tena kwenye ukarabati, Bordeaux Ufaransa, fleti 530 za wapangaji kwenye majengo matatu ya miaka ya 1960. Wasanifu Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal na wenzao hawakubomoa, wakaongeza mbele ya kila fleti baraza na chumba cha vioo, nyumba ikapata mwanga na nafasi, wapangaji wakabaki ndani muda wote kazi ikiendelea na kodi haikupandishwa. Mwaka 2021 hao wawili wakapewa Pritzker, ambayo kwenye usanifu hakuna ya juu yake, na msimamo wao wa miaka yote ni kwamba kabla ya kubomoa uangalie kwanza kilichopo na waliomo. Vassal kabla ya hapo alifanya kazi Niger, nchi ileile ya mwashi wa Dada wa Vuga, na amesema sana kwamba kule ndo alijifunza kujenga kizuri kwa kidogo kilichopo.

Nalisema hili nikiiangalia Dar. Magomeni Kota zile nyumba zilibomolewa, wakazi wakakaa nje miaka kadhaa mpaka maghorofa yalipozinduliwa Machi 2022, kaya 644. Siingii kwenye ubishi wa hilo, nyumba mpya ni nzuri na watu wamerudi. Ila nyumba nyingine ngapi hapa mjini zinaangushwa wakati ukuta bado mzima, kwa sababu tu mwenye nyumba hajawahi kukutana na fundi wa kumwambia hii inatengenezeka? Unachofanya wewe Tandika, kumuacha mstaafu mlemle ndani unamgeuzia chumba kimoja baada ya kingine, ndo kilekile walichofanya Bordeaux.

Mama Wawili Kimara

Mimi sio mtaalamu, niongee kama mteja. Nilikarabati nyumba yangu, nilipita kwa mafundi kadhaa, mmoja alikuja na faili zuri lina vyeti na picha za majumba. Niliyempa kazi alikuja na daftari. Akapanda darini mwenyewe, akagonga kuta, akafungua mfuniko wa chemba ya choo, halafu akaniambia mama usianze na jiko, jiko linapendeza ila kenchi yako ina mchwa, tukianza na jiko mwakani utabomoa dari mpya. Nilikasirika maana jiko ndo nililitaka miaka yote, ila nikamsikiliza.

Alichonifurahisha zaidi alipiga picha kila bomba na kila waya kabla ya plasta, akaweka tepu ya kupimia kwenye picha ionekane bomba liko sentimita ngapi toka kona, akanitumia zote kwa WhatsApp. Juzi nilitaka kutoboa ukuta nitundike kabati, nikafungua picha nikajua pa kutoboa. Hakuna cheti kinachoweza kunipa hicho kitu. Watu waliokuja kuniuliza habari za fundi wangu nimewaonyesha hizo picha, sio jiko.

Kwa hiyo baba fanya hivyo, wateja wako wakuandikie kwa maneno yao, na wakubali mtu apigwe simu au aje kuona nyumba baada ya mwaka. Ile ya kuona baada ya mwaka ndo yenyewe, siku ya kukabidhi kila nyumba nzuri.

Mkaa Saint Paul

Mama Wawili huyo fundi wako mpe namba yangu, serious. Hiyo ya tepu kwenye picha naipeleka kwa bosi kesho.

Mjenzi wa Temeke

Sawa wakuu, nimeshafunga ile imeili, silipi. Mwashi na wa tailizi wanakwenda VETA kuulizia kupimwa, wengine watafuata kazi ya Tandika ikiisha, na mimi naanza mambo ya CRB, Kadirio nitakusumbua inboksi kuhusu fomu. Na kuanzia saiti ya sasa kila bomba linapigwa picha na tepu, mteja anatumiwa, na kwenye karatasi ya makabidhiano tunaandika nani kapanga tofali, nani bomba, nani umeme, nani tailizi, majina yote. Yule wa Mbezi Beach nimemwandikia pia, nimemwomba akija likizo nimpeleke kwenye nyumba za miaka mitatu minne nyuma akae na wenyewe aulize anachotaka, mimi nitasubiri nje.

Mhitimu wa Ardhi, hivi nyie mnaojua kuandika mnaweza kutusaidia kuanzisha kitu kama hicho hapa kwetu, hata cha wilaya tu? Makundi kwa bei kama alivyosema wa Saint Paul, jaji aje kuona nyumba imeshapita masika mawili, na fundi atajwe. Ada iwe ya mtu wa kawaida kuimudu, na watu washindwe kihalali.

Mhitimu wa Ardhi

Nipo tayari kwa moyo wote. Naandika rasimu ya namna ya kupima, nitaomba Kadirio apitie upande wa gharama na Dada wa Vuga upande wa nyumba za chokaa, maana hizo zinahitaji kipimo chake. Nataka nusu ya alama ziende kwenye visivyoonekana.

Dada wa Vuga

Inshaallah nipo. Na mzee mmoja wa chokaa nitamuomba awe jaji, mkikubali. Hasomi sana lakini hali ya ukuta atakuambia.

Kipepeo wa Goba

Samahani kuingilia, nimesoma yote mpaka hapa. Mjenzi, mimi nyumba yangu ni ya paa la kuficha, ina miaka michache tu na inavuja kwenye kona mbili kila mvua ikinyesha, fundi aliyejenga kaja kapaka lami ikavuja tena. Wewe paa za kuficha unafanya?

Mjenzi wa Temeke

Nafanya dada. Usipake kitu tena kwa sasa. Nitumie picha ya gata kwa juu, nyingine ya sehemu maji yanapotokea kwenda kwenye bomba la kushusha, na upime hilo bomba lina upana gani. Mara nyingi gata halina mteremko wa kutosha au bomba ni dogo maji yanajaa yanarudi chini ya bati, na hapo lami haisaidii kitu. Nikiona picha nitakuambia kama ni la kuja na vijana au la mtu mmoja.